Uzi: Toroli ya nanga kwenye kayaki ya uvuvi. Ipi ya kuchagua, namna ya kuifunga, na namna ya kujinasua mkondo ukikaza

#1 Mshipi Mrefu (Tanga)

Wakuu, salaam.

Kayaki za plastiki zimeanza kuonekana huku Tanga na Pangani, na nafurahi. Lakini karibu kila ninayemwona anavua kwa kayaki anaifunga nanga kwenye kishikio cha ubavuni karibu na kiti, kwa kuwa mkono unafika hapo bila shida. Nimefungua uzi kwa sababu hiyo hasa. Nanga ya ubavuni inaua.

Angalieni inavyokuwa. Kayaki nyingi za kuvulia zina upana wa sentimita 75 hadi 90, basi. Ngalawa ina mirengu ya kuizuia isipinduke, kayaki haina kitu. Ukifunga nanga ubavuni, chombo kinakaa kukingama mkondo. Maji yanarundikana upande ule yanakotoka, na nanga nayo inavuta ukingo wa upande huohuo kwenda chini. Siku maji yametulia hutaona kitu. Maji yakianza kutoka kwa nguvu, ukingo unazama kidogo, maji yanapanda juu yake, uzito unaongezeka, na hapo huna muda wa kufikiri.

Dawa ni nanga ivute kwenye ncha, omo (mbele) au tezi (nyuma), ili chombo kilale sambamba na maji. Tatizo ni kwamba ukiwa umekaa kitini huwezi kufika nchani, na kutambaa juu ya kayaki penye mkondo ni kujitupa majini. Toroli inatatua hilo. Ni kamba nyembamba inayozunguka baina ya roda (kapi) mbili, moja omo na moja tezi, ubavu mmoja wa chombo, na kwenye kamba hiyo kuna pete. Amari, yaani kamba ya nanga yenyewe, inapita ndani ya pete. Unashusha nanga ukiwa umekaa, kisha unavuta kamba ya toroli, pete inatembea mpaka nchani na kuipeleka amari huko. Ukitaka kugeuza chombo, unavuta upande wa pili.

Vifaa vyenyewe. Kamba ya toroli iwe ya polyesta iliyosukwa, unene wa milimita 4 au 5. Nailoni hurefuka ikilowa, utaifunga ikiwa imekaza nyumbani na ikifika majini inaning'inia. Kayaki ya mita 3.6 ina kama mita 3.2 baina ya roda na roda, kwa hiyo mzunguko mzima ni chini ya mita 7. Nunua mita 10 ubaki na ya mafundo. Roda ziwe na gurudumu la plastiki ngumu na fremu ya stenlesi. Pete iwe ya stenlesi namba 316, si ile ya kung'arishwa tu, maana chumvi itaila. Roda moja ifungwe kwa kipande cha mpira, hata ule wa bodaboda wa kufungia mizigo, urefu wa shubiri moja. Mpira huo ndio unaoiweka kamba ikiwa imekaza siku zote, na unameza mishtuko ya mawimbi. Mwisho, karibu na kiti, weka kishikio cha meno cha kubania kamba ya toroli, pete isitembee yenyewe.

Roda ziwe karibu na ncha kadiri inavyowezekana. Nimeona zimefungwa nusu mita kabla ya ncha kwa kuwa hapo plastiki ni bapa na rahisi kutoboa. Matokeo yake chombo kinakaa mshazari, na kadiri mkondo unavyoongezeka ndivyo mshazari unavyogeuka kuwa ubavu.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu wa maziwa na mito pia waje.

#2 Chaza Kavu (Kilifi)

Ahsante sana ndugu kwa uzi. Hapa Kilifi kwenye mkono wa bahari maji yakitoka yanakimbia haswa, kwa hivyo nimekuelewa. Swali langu ni la kutoboa. Kayaki yangu ni mpya na moyo unakataa kuiwekea matundu. Naweza kuepuka? Na kama nikitoboa, natumia bolti, parafujo ama ribiti? Fundi mmoja ameniambia nitumie gundi tu.

#3 Mshipi Mrefu (Tanga)

Ndugu Chaza, gundi sahau. Kayaki hizi nyingi ni za poliethilini, na plastiki hiyo haishikani na gundi. Itakaa wiki, itabanduka siku unayoihitaji. Silikoni ya baharini ipake kuzuia maji yasipenye kwenye tundu, lakini kazi ya kushika iachie chuma.

Kuhusu kuepuka matundu, tazama vishikio vya kubebea vya omo na tezi. Kama viko nchani kabisa, funga roda humo humo kwa kitanzi kifupi cha kamba. Hapo umemaliza, hukutoboa hata tundu moja. Kishikio cha meno unaweza kukikosa kwa kuizungusha kamba ya toroli mara mbili kwenye jicho lolote (kitundu cha kupitishia kamba) lililopo karibu na kiti. Mimi napenda njia hii kuliko zote, na ningemshauri kila mtu aanze nayo. Akiona baada ya msimu mmoja inamtosha, aiache hivyo.

Kama vishikio vyako viko mbali na ncha, toboa, na usiogope. Matundu yote yawe juu ya mstari wa maji. Kwanza fungua kifuniko cha sitaha umulike tochi ndani uone hakuna sponji wala ukuta mahali unapotaka kupitisha. Bandika selotepu, weka alama juu yake, halafu tumia drili kwa mwendo wa polepole. Drili ikizunguka kwa kasi plastiki inayeyuka badala ya kukatika na tundu linakuwa na kingo mbaya.

Mahali mkono unapofika kwa ndani, tumia bolti ya stenlesi, washa pana, na nati ile yenye plastiki ndani isiyolegea. Mahali mkono haufiki, na omo mara nyingi haufiki, tumia ribiti ile inayofunguka miguu mitatu kwa ndani. Ribiti ya kawaida ya mafundi wa bati isikudanganye, kichwa chake cha ndani ni kidogo na kitachomoka kwenye plastiki laini. Parafujo kavu ya kuzamia plastiki peke yake pia usiitegemee kubeba mvuto wa nanga.

Ribiti hizo za miguu mitatu ni za alumini. Alumini ikigusana na stenlesi kwenye maji ya chumvi inaliwa polepole, kwa hiyo suuza kwa maji yasiyo na chumvi kila ukirudi na uzikague.

#4 Mzee wa Demani (Pangani)

Wanangu, hamjambo. Nimekulia kwenye majahazi, hivi vyombo vya plastiki nimevijua kupitia wajukuu, lakini nanga ni nanga.

Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi hiyo pete yenu ifuate hivyo hivyo. Ikae tezi, ikae omo, lakini muijue njia ya kuirudisha kabla hamjaipeleka.

Mshipi Mrefu hajasema ni lini omo na ni lini tezi. Nami naona ndipo vijana wanapopotea. Ukifunga tezi, uso wako unaelekea kule maji yanakokwenda, mshipi unateremka mbele yako, unaona kila kitu, ni raha ya kuvua. Lakini tezi ya kayaki hizi iko chini, na nyuma ya kiti ina shimo la mizigo. Bahari ikiwa na mawimbi yataingia kwa huko. Tezi ni ya hori, ya maji ya ndani yaliyotulia, na mkondo wa wastani. Wimbi likianza kuvunja, pete iende omo. Omo imechongwa kulipasua wimbi.

Hapa mdomoni mwa mto Pangani pana siku zake. Siku za maji mafu, bahari isipopanda wala kushuka sana, tieni nanga mvue. Siku za bamvua, bahari inapopanda na kushuka sana, maji yakitoka, mto na bahari vinasukuma upande mmoja, nami simshauri mtu kutia nanga pale kwa chombo cha mtu mmoja, awe na toroli asiwe nayo. Na wakati wa masika mto unaleta magogo. Gogo likishuka na wewe umefungwa, utalikwepaje?

#5 Mshipi Mrefu (Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru kwa kulijaza hilo, na naliunga mkono lote. Ongezeeni na la kina: bamvua huku kwetu maji hupanda kama mita 3. Ukitia nanga maji yakiwa yamekupwa penye mita 4 na ukaacha amari fupi, saa chache baadaye nanga inaning'inia au inavuta ncha ya kayaki chini. Maji yaliyotulia, amari iwe mara 3 ya kina. Mkondo au upepo, mara 5 hadi 7. Mlalo ndio unaofanya nanga ishike. Mita moja ya mnyororo mwembamba kati ya nanga na amari inasaidia sana kuilaza.

#6 Sato wa Kamanga (Mwanza)

Marahaba kwa somo wakuu. Huku ziwani hatuna maji kupwa na kujaa, adui wetu ni upepo. Asubuhi ziwa shwari, mchana upepo unageuka na chombo kinazunguka kwenye nanga. Toroli inanisaidia hapo kwa sababu nageuza bila kung'oa nanga.

Nina jambo la gugu maji. Mlima wa gugu maji ukisukumwa na upepo ukakukuta umetia nanga, unanasa kwenye amari na unazidi kujaa. Uzito wake si wa kuvuta kwa mkono. Lazima uachie nanga na uondoke, na hapo nina swali. Nimefunga boya mwishoni mwa amari ili nikiachia nije niiokote baadaye. Boya haliingii kwenye pete! Nikiachia, amari inakimbia, boya linafika kwenye pete linakwama, na mimi bado nimefungwa. Mnafanyaje?

#7 Chaza Kavu (Kilifi)

Ndiyo maana mimi nafikiria kutumia karabina, ile pete yenye ulimi unaofunguka, badala ya pete. Unairudisha mkononi, unaifungua, kwisha.

#8 Mshipi Mrefu (Tanga)

Sato, hili ni swali zuri kuliko yote ya uzi huu, na nalijibu kwa kirefu kwa sababu mtu anaweza kufuata kila nilichosema juu na bado akanaswa na boya.

Boya lisikae mwishoni mwa amari. Likae kwenye amari upande wa nanga, yaani nje ya pete, na ule mkia wa amari upite kwenye pete peke yake, hauna fundo, hauna boya, hauna kitu chochote mwishoni. Mkia unakuja mpaka kwenye kishikio karibu na kiti. Ukitaka kuondoka, unauachia tu mkia. Unapita kwenye pete wote, unadondoka majini, na boya limebaki kwenye amari likielea. Hukuhitaji kurudisha pete, hukuhitaji kufungua chochote nchani.

Ili boya lifuate kina unachovua, lifunge kwa kijikamba chembamba kilichozungushwa mara tatu kwenye amari, lile fundo linalobana likivutwa na kuteleza likisukumwa kwa mkono. Ukishashusha nanga na kujua urefu unaotaka, sogeza boya mpaka kwako, kisha peleka pete nchani. Mkia uwe mrefu kupita umbali wa kutoka kitini hadi nchani, na uongeze mita mbili za kuchezea.

Ndugu Chaza, karabina si mbaya, na kwa mtu wa maji yasiyo na mkondo inatosha. Lakini fikiria: ili uifungue lazima uirudishe mkononi, na kuirudisha mkononi maana yake ni kuipeleka nguvu ya nanga ubavuni, wakati uleule ambao maji yamekaza. Umerudi pale pale tulipotoka. Tena ulimi wa karabina hupenda kuuma amari na kuizuia isikimbie. Pete haina ulimi.

Na kisu kiwe mwilini, kwenye koti la kuokolea, si ndani ya begi. Kamba ya nanga inanunulika.

#9 Binti Mikoko (Watamu)

Salaam zenu. Niongeze kwa wenzangu wa maji ya kina kifupi. Nikivua kwenye hori lenye matope na mikoko, kina cha kiuno, sitii nanga kabisa. Nina upondo (mti mrefu wa kusukumia chombo) mwembamba, nauchomeka kwenye tope kupitia pete ya toroli, kisha napeleka pete tezi. Hauna kelele, samaki hawashtuki, na ukitaka kuondoka unauchomoa. Kwa hivyo ukichagua pete, chagua inayopitisha na upondo wako.

Kaka Mshipi, kamba yangu ya toroli inashuka katikati na kugusa maji, inaokota mwani. Nimeambiwa niongeze macho ya kuipitishia. Nimeongeza, sasa pete inagonga kwenye jicho na haipiti.

#10 Mshipi Mrefu (Tanga)

Dada, wazo la upondo ni la kweli kabisa, na wengi wanalisahau.

Kuhusu macho: toroli ina kamba mbili sambamba, moja ina pete na moja inarudi tupu. Jicho la kuongoza lipitishe ile tupu tu, ya juu. Ile yenye pete iachwe huru kutoka roda hadi roda. Ukibadilisha hivyo pete itatembea bila kugonga. Na kama bado inashuka, fupisha mpira wa roda ya tezi.

#11 Kanzu na Kafi (Muscat)

Assalaam alaykum jamaa. Niko Oman, huku kuvua kwa kayaki kumeenea na seti za toroli zinauzwa madukani zikiwa kamili. Nasema machache.

Jua. Kayaki ikiachwa nje mwaka mzima, roda za plastiki laini zinapasuka, kamba inakuwa kama majani makavu. Ukinunua seti, iangalie roda kwanza. Nyingi zina kamba nzuri na roda dhaifu, na roda ndiyo inayobeba mvuto wote. Nami nasema bora ununue roda nzuri mbili na kamba ya duka la kawaida kuliko seti ya sanduku zuri.

Nanga, zile za kukunja zenye makucha manne, za kilo 1.5, zinatosha kwa kayaki kwenye mchanga na changarawe. Kwenye mwamba zinanasa. Huku tunafunga amari kwenye kitako cha nanga, si kwenye jicho la juu, halafu tunaibana kwenye jicho la juu kwa kile kibanio cha plastiki cha mafundi umeme, chembamba. Kazi ya kawaida inavuta kwa juu. Ikinasa, unavuta kwa nguvu, kibanio kinakatika, nanga inavutwa kwa kitako na kutoka kinyumenyume.

#12 Mzee wa Demani (Pangani)

Wa alaykum salaam mwanangu. Hiyo ya kitako ni ya kale, sisi tulikuwa tukifunga kwa kamba ya usumba inayokatika. Nimefurahi kuona imefika mpaka kwenye plastiki.

Lakini mwambani msitie nanga kabisa mkiweza. Matumbawe yaliyovunjwa na kucha la nanga hayarudi upesi, na samaki mnaowafuata wanakaa humo. Tafuteni kipande cha mchanga pembeni ya mwamba, mtie hapo, na muache amari ndefu iwapeleke mnapotaka. Na Maziwe ni hifadhi ya bahari, msiende kuvua pale kwa kisingizio cha kayaki ndogo.

#13 Chaza Kavu (Kilifi)

Nimeshawishika, nachukua pete. La mwisho: naifunga ubavu gani? Na kung'oa nanga penye mkondo kunafanywaje, maana kila mtu anaeleza kutia tu.

#14 Mshipi Mrefu (Tanga)

Ubavu: ule usiotumia kupandishia samaki. Mwenye kutumia mkono wa kulia kwa mshipi na kupandisha samaki kulia, toroli iwe kushoto. Samaki akizunguka chombo asikute kamba mbili za ziada za kujifungia. Kama kayaki yako ina usukani tezi, jaribu nchi kavu kwanza: geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili uone haugusi roda wala kamba.

Kung'oa, umeuliza vyema, na wengi hukosea hapa. Kosa ni kurudisha pete kitini kwanza kisha kuvuta nanga. Chombo kinakingama hapo hapo. Iache pete nchani. Chukua mkia wa amari, vuta taratibu ukiwa umekaa. Amari inapita kwenye pete na kayaki yenyewe inapanda mkondo kuifuata nanga. Endelea mpaka amari isimame wima, uko juu ya nanga kabisa. Hapo ndipo unarudisha pete karibu na kiti na kuinyanyua. Kama inakataa kutoka, usishindane nayo kutoka ubavuni. Peleka pete nchani tena, legeza, piga kafi uivute kutoka upande wa pili. Ikikataa kabisa, achia mkia, boya linabaki, na urudi maji yakisimama.

Fanya zoezi zima mara ya kwanza siku za maji mafu, saa maji yanaposimama, karibu na ufuo, na mwenzio akiwa karibu na chombo chake. Tia, peleka omo, peleka tezi, achia, okota boya, ng'oa. Vidole vikishazoea ndipo uende kwenye mkondo.

#15 Sato wa Kamanga (Mwanza)

Boya nimelihamisha leo, mkia mtupu. Nimejaribu kuachia ufukweni, amari imepita kwenye pete bila kugusa. Nimeongeza pia mkanda wa rangi ya chungwa kwenye boya, maana boti za abiria zinapita huku na boya langu lilikuwa jeusi.

#16 Mshipi Mrefu (Tanga)

Vizuri mkuu. Rangi hiyo ni muhimu kwa wote. Wenye picha za roda walizofunga nchani bila kutoboa waziweke hapa, Chaza na wengine waone mafundo.